Betri iliyovimba haina bei

WAHENGA walisema ajali haina kinga. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na msemo huo nimeurudia mara nyingi mbele ya wanafunzi wangu. Lakini tangu jioni moja ya Julai 2024, hapa nyumbani kwangu Kayonza, nimeacha kuusema. Ziko ajali ambazo kinga yake tunayo mikononi, ila tunaihesabu kuwa ni hasara.

Ilikuwa Jumapili. Mpwa wangu, kijana anayejipatia riziki kwa kupiga picha za harusi, alichomeka betri ya droni yake kwenye chaja, akaiweka juu ya kitanda, kisha akaenda kwa jirani kuangalia mpira. Mimi nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari. Kwanza nilisikia harufu tamu, kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Sikuijali. Dakika chache baadaye nikasikia mlio kama wa nyoka, halafu mshindo, na moshi mweupe ukaanza kupenya chini ya mlango wa chumba.

Nilipofungua mlango godoro lilikuwa linawaka. Mama watoto alikimbilia swichi kuu akakata umeme. Majirani wakaja na ndoo za maji. Tuliuzima moto, lakini godoro, pazia, nguo za kijana na ile droni yenyewe vilikwisha kabisa.

Chini ya kitanda hicho kulikuwa na mkoba wangu wa vyeti. Ndani yake mna cheti cha darasa la saba, cha kidato cha nne na cha ualimu, vyote nilivyovipata Tanzania. Ndugu msomaji uliyerudi kama mimi hahitaji kuelezwa mkoba wa namna hiyo una maana gani. Nilipovuka daraja la Rusumo mwaka 2013 sikuwa na shamba wala ng'ombe wa kuonyesha. Nilikuwa na karatasi hizo. Jirani mmoja aliuvuta mkoba kwa fimbo ya fagio. Mpini wake ulikuwa umeungua, na ukingo wa cheti cha kidato cha nne umekuwa wa kahawia hadi leo.

Watu walimlaumu kijana. Mimi najua kosa lilianzia wapi. Wiki tatu kabla ya siku ile, droni ilianguka vibaya kwenye harusi na betri ikaanza kuvimba. Ilivimba hata ikawa haiingii vizuri mahali pake. Kijana akaiweka chini ya kamusi yangu kubwa, akaongeza na jiwe juu, usiku kucha, ili irudi bapa. Asubuhi akaniletea.

"Mjomba, imevimba kidogo, lakini bado inashika chaji," aliniambia.

"Kama inashika chaji itumie, mwanangu. Usitupe hela," nikamjibu.

Hilo ndilo jibu la mwalimu wa fizikia.

Tulivyofunzwa na uhamishoni

Kwa nini nilijibu hivyo? Kwa sababu sisi tuliokulia uhamishoni tulifunzwa kutotupa kitu. Kopo la maziwa liligeuzwa kibatari. Tairi la gari likawa viatu. Betri za redio zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, na zilipogoma kabisa tulizibonyeza kwa meno, ili tupate habari za saa mbili usiku. Na zilikubali. Redio iliimba tena nusu saa.

Desturi hiyo ilitulisha na sioni aibu kuisema. Lakini betri ile ya redio ilikuwa ya zinki, na zinki inasamehe. Ukiionea, inavuja tu na kuchafua redio. Betri ya simu, ya pawabenki, ya taa nyingi za sola na ya droni ni ya lithiamu. Hiyo haisamehe. Ukiianika, ukaibana au ukaitoboa, unachezea moto uliofungwa kwenye bahasha.

Betri za lithiamu-ioni ziliingia madukani mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozaa betri hizo. Bila wao tusingekuwa na simu za mkononi kama tunavyozijua. Wala tusingeziona hizi ndege ndogo zisizo na rubani zinazopita juu ya shule yetu kila siku.

Ndege hizo za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga mwezi Oktoba 2016, na kituo cha pili kikafunguliwa hapa Kayonza mwaka 2018. Ndege ikirudi kituoni, betri yake hutolewa na kuwekwa nyingine iliyojaa. Ile iliyotumika hurudi kuchajiwa kituoni, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Kwetu sisi huchajiwa kitandani, kando ya mtoto aliyelala.

Ndani ya betri kuna nini

Ukiweza kuifikiria betri ya lithiamu, fikiria mkeka uliokunjwa. Kuna utepe mwembamba wa shaba na utepe wa aluminiamu, kila mmoja umepakwa kemikali zake, na katikati kuna utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto kirahisi. Betri ni nzima kwa muda ule tu ambao utando huo haujapasuka.

Utando ukipasuka, kwa kuanguka, kwa kubanwa, kwa joto au kwa kuchajiwa kupita kiasi, pande mbili hugusana. Hapo joto huzalisha joto jingine, seli moja huwasha ya pili, na gesi hutoka kwa nguvu. Ule mlio wa nyoka niliousikia ulikuwa gesi hiyo. Ile harufu tamu ilikuwa kimiminika kinachovuja. Betri ilikuwa inatoa taarifa, na mimi nikaendelea kusahihisha madaftari.

Uvimbe nao ni taarifa. Maana yake ni kwamba ndani kemikali zimeanza kuharibika na kutoa gesi. Kuibana kwa kamusi hakuondoi gesi. Kunaukaza utando uliokwisha choka. Na kuitoboa kwa sindano ili "ipumue", kama wanavyofanya baadhi ya mafundi, ni kuwasha kiberiti kwa mkono wako mwenyewe.

Hata kampuni kubwa zimeangushwa na jambo hili. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha simu zake za Galaxy Note 7 kutoka duniani kote kwa sababu betri zilikuwa zinaungua. Ikiwa kiwanda chenye wahandisi wengi kilikosea, itakuwaje kwa fundi wa chini ya mti?

Kuchaji bila kujuta

Seli moja ya betri ya droni kwa kawaida huandikwa volti 3.7. Ikijaa hufika volti 4.2, na hapo ndipo pa kuacha. Ikipitishwa hapo, lithiamu huanza kujijenga ndani kama miiba na kuutishia ule utando. Ikishuka chini ya volti 3 nayo huharibika, na kuichaji tena ni hatari. Kwa hiyo betri ya seli tatu, iliyoandikwa 11.1, hujaa kwenye volti 12.6. Zipo aina chache zinazoruhusu zaidi kidogo, na hizo huandikwa wazi na kiwanda.

Betri ya simu, na ya droni zile za kisasa zenye gamba gumu, ina kibao kidogo cha umeme ndani yake kinacholinda mipaka hiyo. Betri laini za droni za kuunganisha, zenye mfuko wa plastiki na nyaya nje, nyingi hazina mlinzi huyo. Mlinzi wake ni chaja. Lazima iwe chaja ya lithiamu inayosawazisha seli, yaani ile inayotumia pia kiplagi kidogo cheupe chenye nyaya nyembamba, ili seli zote zijae sawasawa.

Chaja ya mpwa wangu ilitengenezwa na fundi wa mtaani baada ya ile ya asili kufa. "Volti zinafanana," fundi alisema. Volti kufanana hakutoshi. Chaja halisi inajua kupunguza na kukata umeme mwishoni. Ile ya fundi iliendelea kusukuma tu.

Kiasi cha umeme nacho kina kipimo. Betri ya miliampea 2,200 kwa saa ichajiwe kwa ampea 2.2, isizidi, labda kiwanda kiwe kimeruhusu. Anayetaka ijae upesi kwa sababu bwana harusi anasubiri, anainunua dakika kumi kwa bei ya nyumba.

Mengine hayahitaji hesabu. Usichaji betri ikiwa ya moto. Droni ikitua, iache ipoe kwanza. Usiichaji juu ya godoro, zulia, kochi au karibu na pazia. Weka juu ya sakafu ya saruji, kigae au matofali, mbali na mlango, ili ikiwaka isikuzibie njia ya kutokea. Usiondoke nyumbani wala usilale ikichaji. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ule unaorudi mara nyingi huja kwa kishindo. Betri iliyonyeshewa isiguse chaja.

Kama hutairusha droni kwa siku kadhaa, usiihifadhi betri ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Iache katikati, kama volti 3.8 kwa kila seli, sehemu ya kivuli. Na usiisahau ndani ya gari lililofungwa juani, kwa maana joto la humo hupita nyuzi 50 kirahisi.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani

Kayonza ni njia panda. Barabara ya Kigali hugawanyika hapa, moja ikaenda Kagitumba kwa ndugu zetu wa Uganda, nyingine Rusumo kwa Watanzania. Kwa hiyo mizigo mingi naiona ikipita, na katika mitumba, sabuni na viatu nazo betri zimo.

Mama mmoja anayeleta bidhaa kutoka ng'ambo ya Rusumo nilimkuta stendi na mfuko wa pawabenki na betri za simu zilizotumika, zikiwa zimechanganyika na misumari, funguo na sarafu. Nilimwamkia nikamwonyesha tatu zilizovimba. Akanitazama kwa uchovu wa mtu aliyeamka saa tisa usiku.

"Mwalimu, nikizitupa hizi, nani atanilipa?"

Ni swali la haki. Jibu la kweli ni kwamba hakuna atakayemlipa, isipokuwa ameyapanga hayo wakati wa kununua. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kule kwa muuzaji wa jumla, kabla pesa haijatoka. Weka betri juu ya meza iliyonyooka uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo limeanza. Angalia mikunjo, michubuko, harufu tamu, kutu kwenye vyuma. Mwambie muuzaji mapema kwamba zenye kasoro zinarudi, na udai risiti. Akikataa, umeshajua anauza nini.

Kagua pia uongo wa maandishi. Pawabenki nyingi hutumia seli za mviringo ambazo kila moja ina uzito wa karibu gramu 45 na kwa kawaida hubeba miliampea 2,000 hadi 3,500. Basi piga hesabu: pawabenki ya kweli ya miliampea 20,000 ikijengwa kwa seli za 2,600 inahitaji seli nane, na seli peke yake ni gramu 360. Ukishika iliyoandikwa 50,000 halafu ni nyepesi kuliko simu yako, umeshika uongo. Seli ya mviringo ya ukubwa huo iliyoandikwa 9,900 nayo ni uongo mtupu. Anayedanganya ukubwa hatashindwa kudanganya usalama.

Katika safari, funika vyuma vya kila betri kwa utepe wa umeme, au kila moja iwe na mfuko wake. Funguo moja ikigusa vyuma viwili inatosha kuwasha basi. Usizibane chini ya magunia.

Kwa wanaopanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou, betri za akiba na pawabenki hazikubaliwi kwenye mzigo unaokwenda chini. Unaingia nazo ndani. Kipimo ni wati kwa saa: zidisha volti kwa ampea za saa. Pawabenki ya 20,000 ni 3.7 mara 20, yaani 74, nayo inapita. Ya 30,000 ni 111, na kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Zaidi ya 160 hairuhusiwi kwa abiria. Mashirika yanazidi kubana: Emirates ilipiga marufuku kutumia pawabenki ndani ya ndege zake kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025. Uliza shirika lako kabla ya kufika kiwanjani.

Kuhusu droni yenyewe, si bidhaa ya kuvusha kimya kimya. Nchi zetu zina masharti juu yake, na mamlaka ya usafiri wa anga ndiyo ya kuulizwa kwanza, kabla ya kununua. Kijana wangu alijifunza hilo pia, kwa njia ya polepole ya kujaza fomu.

Moto ukishawaka

Ukisikia mlio au harufu na bado hakuna moto, chomoa umeme kama unaweza bila kuigusa betri, kisha toa watu. Kama ni betri ndogo na njia iko wazi, isukume nje kwa koleo au fimbo ndefu, kamwe si kwa mkono. Moshi wake una sumu kali, usiinamie kuchungulia.

Moto ukishawaka, kata umeme kwanza. Kisha maji, tena mengi. Wapo wanaosema lithiamu na maji haviendani. Hiyo ni kweli kwa lithiamu tupu ya maabara, lakini kwa betri hizi ndogo za kuchaji maji ndiyo yanayopoza seli zilizobaki zisiwake. Mchanga huzuia moto usisambae, ila betri huendelea kuungua chini yake. Usifunike kwa blanketi. Na ukishazima usiirudishe ndani, kwa kuwa huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Ukiona moto umekushinda, toka, funga mlango, piga simu 112 hapa Rwanda, au 114 kwa Zimamoto upande wa Tanzania.

Betri iliyovimba isitupwe jalalani wala isichomwe na takataka. Iweke nje ya nyumba, kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, kifuniko kisikazwe, mbali na watoto. Kisha ipelekwe kwa wanaopokea taka za umeme. Kwetu kuna kituo cha kuchakata taka hizo Bugesera.

Nilimaliza kumweleza yule mama haya yote, akanyamaza. Kisha akazitoa zile tatu mfukoni, moja baada ya nyingine, huku akizihesabu kwa sauti kama mtu anayelipa deni. Nilizichukua kwenye ndoo ya mchanga. Sikumlipa, wala hakuniomba. Nilinunua kwake taa moja ya sola, nzima.

Mpwa wangu alifanya kazi mwaka mzima ndipo akapata droni nyingine. Betri zake sasa zina kibanda cha matofali uani, chini ya bati, na kila inapochajiwa yeye hukaa kando kwenye kigoda. Majirani humcheka kwamba anachunga betri kama mbuzi. Kamusi yangu bado ina alama ya jiwe kwenye jalada, nami nimekataa kuibadilisha.

Ndugu zangu tuliorudi, tuendelee kutunza makopo, tushone viatu na kubandika masufuria. Hayo ni maarifa yetu. Lakini betri iliyovimba tuiondoe kwenye hesabu ya mali, hata kama bado inashika chaji.